Kabla Hujakopa kwa Simu: Nani Atakupa Muhula?



Leo tuzungumze jambo ambalo wengi wetu tunalificha hata kwa waume zetu na mama zetu: deni la simu. Hatusemi deni la dukani, ambalo muuza duka anakujua wewe na anamjua na baba yako. Tunasema ule mkopo unaoombwa kwa kubonyeza namba chache, ukaingia kabla maji ya chai hayajachemka, bila ya kuonana na mtu hata mmoja. Bi harusi mtarajiwa anakopa kumalizia nguo ya siku ya hina. Mama anakopa kwa sare za skuli. Mkulima anakopa kwa mbolea.

Nyuma ya mkopo huo mara nyingi hakuna karani. Kuna hesabu za kompyuta, na siku hizi akili mnemba, zinazoamua nani apewe, apewe kiasi gani, akumbushwe lini na akatwe vipi. Sasa kampuni changa zinataka hata kazi ya kuzungumza na mdaiwa iwe ya mashine. Huko Marekani kampuni iitwayo Salient imetengeneza sauti za akili mnemba zinazowapigia simu watu waliokopa magari, zikawakumbusha tarehe na kupokea malipo yao. Jambo lililoanza huko halichukui muda kufika kwetu.

Hatuandiki kuitukana teknolojia. Simu hizi hizi ndizo zinazotuletea mawaidha, oda za biashara zetu na habari za watoto walio mbali. Lakini tuna kauli moja tunayotaka kila msomaji wetu aondoke nayo: mkopo ambao hakuna binadamu wa kumwomba muhula, usiuchukue, na harusi yako isianze nao.

Kwa nini tunaitazama Sumbawanga

Huenda ukajiuliza, sisi wa visiwani na Sumbawanga wapi na wapi? Kwanza, wapo dada zetu walioolewa bara, na Waislamu wa mji ule ni ndugu zetu, ingawa ni wachache miongoni mwa majirani zao Wakristo. Lakini sababu kubwa ni kwamba Ufipa inaonesha waziwazi jambo ambalo mjini ni rahisi kulisahau: riziki ina majira yake.

Sumbawanga iko juu, kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, kwenye uwanda wenye baridi kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa. Watu wa huko wanalima mahindi, maharage na ulezi. Mvua huanza kiasi cha Novemba na kwisha kiasi cha Aprili, msimu mmoja tu kwa mwaka. Mahindi huvunwa kuanzia Juni, na pesa huonekana baada ya kuuza, ama kwa wafanyabiashara ama kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Wafipa pia wana ustadi wao wa zamani wa kutengeneza matuta ya mviringo, wakafukia majani ndani yake yaoze, ili ardhi iwe na rutuba ya kupandwa msimu unaofuata. Maana yake, jasho la mwaka huu linalipwa mwakani.

Kwa hiyo mwanamke wa Laela, Matai au Namanyere anayekopa Novemba kwa ajili ya mbegu na mbolea, pesa yake ya kweli itarudi Julai au Agosti. Hiyo ndiyo kalenda aliyoiweka Mola katika ardhi ile. Mkopo wa simu una kalenda nyengine: wiki moja, wiki mbili, siku 30.

Hebu tupige hesabu. Mkopo wa simu uliofungua njia Afrika Mashariki ni M-Shwari, ulioanzishwa Kenya Novemba 2012 na Safaricom pamoja na benki ya CBA. Ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Mwaka 2014 Vodacom na benki hiyo hiyo wakaleta M-Pawa Tanzania, na wengine wakafuata. Sasa tuseme dada wa Laela amekopa shilingi 100,000 mwezi wa Novemba kwa ada kama ile ya asilimia 7.5, na kila siku 30 zikitimia anaokoteza ada tu, kisha anaukopa tena mtaji ule ule. Ikifika Julai imepita miezi minane. Atakuwa amelipa ada ya shilingi 60,000, na zile 100,000 bado anadaiwa. Na huyo ni yule aliyejitahidi, ambaye hakuchelewa hata siku moja wala hakutozwa faini.

Kwetu hali si tofauti sana. Mkarafuu wa Pemba haujui tarehe 30. Mwani unavunwa kwa kufuata bamvua, na bei yake anaipanga mnunuzi. Mpishi wa maandazi ya harusi anashiba msimu wa harusi na anafunga mkanda msimu mwengine. Sote tuna Ufipa yetu.

Muhula si hisani ya mtu

Mwenyezi Mungu ametufundisha adabu za deni katika Suratul Baqara. Aya ya 282, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inaamrisha deni liandikwe na liwe na mashahidi. Aya ya 280, iliyo karibu nayo, inataka mdaiwa aliyefikwa na dhiki asubiriwe mpaka apate wasaa, na inatufahamisha kwamba kumsamehe ni bora zaidi. Tazameni mpangilio huo. Kuandika deni kumeamrishwa, na kumsubiri mwenye dhiki pia kumeamrishwa. Dini haikutaka kimoja bila ya chengine.

Mashine ni hodari sana katika kuandika. Haisahau tarehe, haipotezi daftari, haihitaji shahidi wa pili. Kazi inayoishinda ni ile ya kusubiri. Kusubiri kunahitaji kujua: huyu amechelewa kwa sababu gani? Amefiwa? Amejifungua? Mvua imekatika kabla ya wakati? Mwaka 2017 serikali ilipozuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, bei ilianguka katika mikoa ya nyanda za juu kusini, Rukwa ikiwemo, na mkulima akabaki na magunia ndani na mfuko mtupu. Mwanamke aliyekuwa na deni msimu ule hakuwa mvivu wala tapeli. Alikuwa na mahindi, akakosa soko. Kwa kompyuta yote hayo ni neno moja tu: amechelewa.

Na hata hiyo mashine inayozungumza, tunajiuliza, itamsikia vipi mama wa Kalambo anayechanganya Kiswahili na Kifipa, anayeanza kueleza tangu kuugua kwa mtoto mpaka kuharibika kwa barabara ndipo afike kwenye jibu? Karani mwenye subira angemsikiliza mpaka mwisho, kwa sababu jibu liko katikati ya maelezo hayo.

Lakini tuwe waadilifu. Mashine haina moyo mgumu wala moyo laini. Ina amri ya mwenye nayo. Mwenye kampuni akiiamuru kwamba mkulima wa Rukwa asidaiwe mpaka baada ya mavuno, itatii kwa wakulima elfu kumi bila ya kuchoka wala kuomba chochote chini ya meza. Ikiwa haitoi muhula, ni kwa sababu aliyeiamuru hakutaka utolewe. Kwa hiyo asitwambie mtu kwamba "mfumo umekataa". Nyuma ya mfumo kuna mtu, na mtu huyo ataulizwa mbele ya Mola wake kama anavyoulizwa kila anayedai.

Sitara inayogeuka

Dada zetu wengi wanaipenda mikopo hii kwa sababu moja ambayo hatuwezi kuidharau: sitara. Hakuna anayekuona ukiomba. Hukai kwenye benchi ofisini. Humwambii shemeji kwamba nyumbani hakuna kitu. Ukiwalinganisha na wale wakopeshaji wa mitaani wa mikopo tunayoiita kausha damu, wanaokuja mlangoni na kubeba kitanda na sufuria mbele ya majirani, mashine inaonekana kuwa na heshima zaidi.

Tatizo ni kwamba sitara hiyo baadhi ya kampuni wanakupa siku ya kukopa na kuivua siku ya kuchelewa. Ulipoiweka programu kwenye simu ulibonyeza "kubali", na ndani ya kukubali huko mlikuwemo na ruhusa ya kusoma majina na namba zote ulizohifadhi. Ukichelewa, meseji zinakwenda kwa kaka yako, kwa mwalimu wa madrasa, kwa mama wa mchumba wako. Mwezi wa Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya iliitoza kampuni ya mikopo ya Mulla Pride faini ya shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu waliopatikana kwa njia hiyo. Tanzania, mwezi wa Novemba 2024, Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila ya leseni.

Fikirini msichana aliyekwishaposwa, wiki mbili kabla ya ndoa, mama mkwe anapokea meseji kwamba mkwewe mtarajiwa ni mdaiwa sugu. Deni lilikuwa shilingi 40,000. Aibu ni ya maisha. Kumvunjia mtu heshima ni dhulma nyengine, mbali na deni lenyewe, na aliyekopa hakuiuza heshima yake pamoja na riba.

Michango ya harusi ni amana

Hili linawahusu zaidi mabibi harusi, tafadhali lisomeni mara mbili. Zipo huduma za simu zinazokujazia pale salio lisipotosha ili malipo yako yakamilike. Songesha ya Vodacom ni mfano unaojulikana Tanzania. Ni mkopo, ingawa hausikiki kama mkopo, na unajilipa wenyewe: pesa yoyote itakayoingia kwenye laini hiyo inakatwa kwanza.

Sasa tizameni tunavyofanya harusi zetu. Shangazi anatuma mchango kwa simu. Mjomba aliyeko Muscat anatuma. Mashoga wanatuma pesa za sare. Zote zinaingia kwenye laini ya bi harusi au ya dada yake anayeshika daftari. Laini hiyo ikiwa na deni, pesa ya watu inakatwa kulipia deni la mtu mmoja. Mashine haijui kwamba hii ni ya ukumbi na ile ni ya pilau. Wewe unajua. Pesa ya michango ni amana mkononi mwako, sawa na pesa ya kikoba unayoiweka kwa niaba ya wenzako. Usiipokee kwenye laini yenye deni la aina hiyo. Na mahari, ambayo ni haki yako peke yako na Mwenyezi Mungu amekuwekea, ipokee mkononi au kwenye akaunti safi. Inasikitisha mwanamke kupewa haki yake kwa heshima zote, ikafika pungufu kwa sababu ya vocha na saluni.

Je, ada ni riba?

Kuna wanaosema: hii si riba, hii ni ada ya huduma. Sisi si mufti, na kila mmoja amuulize mwanachuoni anayemuamini kuhusu mkopo wake. Lakini kigezo ni rahisi kukifahamu. Gharama halisi ya kuendesha jambo, ikalipwa mara moja na isibadilike, ina mazungumzo yake kwa wanazuoni. Ziada iliyowekwa sharti, inayokua kwa ukubwa wa deni na urefu wa muda, hiyo inajulikana ni nini, hata ukiipa jina la ada, huduma au bonasi. Kubadilisha jina hakugeuzi nguruwe kuwa mbuzi.

Na hata tukiliweka kando suala la halali na haramu, hesabu yenyewe inatisha. Utafiti wa CGAP, taasisi ya kimataifa iliyo chini ya Benki ya Dunia, uliotolewa mwaka 2018, ulionesha kwamba miongoni mwa waliokopa kwa simu Tanzania, asilimia 56 waliwahi kuchelewa kulipa na asilimia 31 walishindwa kulipa mkopo wao mmoja au zaidi. Ikiwa zaidi ya nusu ya wanaopita mlangoni wanajikwaa, basi tusiwalaumu wote kwa kutotazama. Tuutazame na mlango.

Njia zilizopo

Hatutaki kukwambia usikope kisha tukuache na shida yako. Njia zipo, ingawa si za kubonyeza.

Ya kwanza ni karadha, mkopo usio na ziada. Neno hili wazee wetu wa pwani walikuwa nalo muda mrefu kabla ya simu. Familia na vikoba vyetu viweke fungu la karadha, hata likiwa dogo, kwa ajili ya mwenye dharura. Mchezo wa wanawake kumi wa mtaani una kitu ambacho kompyuta haina: mnajuana. Mmoja akikwama, mwengine anambadilishia zamu. Huo ndio muhula.

Ya pili, kwa dada zetu wa bara, ni mikopo ya halmashauri ya asilimia 10. Kila halmashauri, Sumbawanga na Kalambo na Nkasi zikiwemo, inatakiwa itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hii haina riba. Ilisimamishwa Aprili 2023 na ikarudi Julai 2024. Inataka kikundi, usajili na subira, lakini ni haki yenu. Nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, mkaulize.

Ya tatu ni benki zenye huduma za Kiislamu. Amana Bank ilianza mwaka 2011 ikiwa benki ya kwanza Tanzania inayofuata misingi hiyo kikamilifu, na benki nyengine, kama PBZ na CRDB, zina huduma kama hizo. Hata huko soma mkataba na uulize, kwani jina zuri peke yake halitoshi.

Maswali manne kabla ya kukubali

Kabla hujabonyeza, jibu haya:

1. Mkopeshaji huyu ana leseni ya Benki Kuu? Orodha za wenye leseni hutangazwa. Agosti 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo maalumu kwa wanaokopesha kidijitali, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema hajui anachotakiwa kufanya.

2. Nitarudisha shilingi ngapi kwa jumla, na nikichelewa mwezi mmoja itakuwa ngapi? Asiyekupa jibu kwa shilingi anakuficha.

3. Inataka kuona nini kwenye simu yangu? Ikitaka majina ya watu wako, kataa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume inayoisimamia ilizinduliwa Aprili 2024. Sheria hiyo pia imempa mtu haki kuhusu maamuzi yanayomgusa yanayofanywa na mashine peke yake.

4. Siku nikikwama, nitazungumza na nani? Tafuta namba, piga kabla hujakopa. Ikiwa unajibiwa na mashine na haina njia ya kukufikisha kwa mtu, umeshapata jibu lako.

Kwa vijana wetu wanaoanzisha kampuni hizi, na wengine ni watoto wetu tuliowasomesha kwa jasho la maandazi, tuna ombi. Iacheni mashine ikumbushe na ihesabu, kwa Kiswahili chenye adabu. Lakini wekeni mtu wa kusikiliza. Mpeni mamlaka ya kusogeza tarehe. Na tarehe za Ufipa zipangwe kwa mavuno ya Ufipa.

Na wewe dada uliyekwisha kuingia, usikope hapa ukalipe pale, huo ni mduara usio na mlango. Andika madeni yote kwenye karatasi moja. Mwambie mtu mmoja unayemuamini, mume, mama au somo yako. Waandikie wanaokudai uombe muhula kabla ya tarehe, na uweke nakala. Deni si kosa la jinai la kukufanya ujifungie ndani, ila ni mzigo, na mzigo hushushwa kwa mikono miwili.

Bi harusi, ukipungukiwa, punguza. Punguza idadi ya nguo, punguza wageni, punguza mapambo. Hakuna aliyewahi kuikumbuka ndoa njema kwa rangi ya vitambaa vya meza. Ingia nyumbani kwako ukiwa na kanga zako, dua za wazazi wako na simu isiyokutia hofu ikilia.

Ewe Mola wetu, tunajikinga kwako na mzigo wa deni na kutezwa nguvu na watu. Wape wasaa wenye dhiki, wajaalie huruma wenye kudai, na uzibariki ndoa za dada zetu wa visiwani, wa Ufipa na wa kila pahala. Aamin.